Mkunga kwa Mdakaji

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana hata wenyewe hulitaja kwa kibali. Ni nchi nzuri. Ina mto, ina milima, ina wimbo wa taifa mrefu ambao beti zake zote zinamsifu mtu mmoja. Mtu huyo ni Nahodha wa Milele, aliyeshika madaraka kwa muda mfupi tu, zamani sana, hadi hali ya hewa itakapotulia.

Nahodha aliwaona watu wake wanabishana mno. Walibishana juu ya bei ya unga, juu ya dawa zisizoonekana hospitalini, juu ya nani alilila lile daraja kabla halijajengwa. Kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, hakuwafunga wote. Aliwafunga waliotosha magereza, na waliobaki akawaletea besiboli.

Watu wakauliza besiboli ni mdudu gani. Wakaelezwa kwamba ni mchezo ambao mtu mmoja, mrushaji, hurusha mpira mgumu. Mwingine huupiga kwa rungu, kisha hukimbia mzunguko mzima ili arudi palepale alipoanzia. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji mwenye glavu kubwa. Na wengine wote husimama juani wakisubiri. Wananchi waliuelewa upesi kuliko mataifa yote. Kusimama juani wakisubiri walikwisha kuzoea, na kukimbia kwa nguvu zote ili urudi ulipoanzia kulikuwa ndiyo riziki yao ya kila siku. Kisha ikatoka Sheria ya Mijadala, kwamba kila raia ana uhuru wa kubishana juu ya besiboli bila mipaka, na juu ya mengine kwa mipaka isiyopitika.

Vijiwe vikachangamka. Na hakuna kijiwe kilichochangamka kama cha Dosa, fundi pancha, kwa sababu hapo ndipo alipokaa Kibwana Ngwali.

*

Kibwana alikuwa mpima mizani wa kiwanda cha pamba, enzi zile pamba ilipokuwapo. Kiwanda kilifungwa ili kiboreshwe, na uboreshaji ukaendelea mpaka mabati ya paa yakahama usiku mmoja. Tangu hapo Kibwana hakuwa na cha kupima. Kila asubuhi mkewe, Bi Siwatu, alikwenda zahanati, maana ndiye aliyekuwa mkunga pekee wa mji ule, na Kibwana akaenda kijiweni, akakaa juu ya tairi kuukuu la trekta, akapima wachezaji.

Na kupima alijua, tusimnyime haki yake. Alikuwa akimtazama mrushaji anavyoshuka kwenye basi, akakwambia bega lina uhai kiasi gani.

"Huyo muuzeni sasa hivi, angali na bei," alisema. "Mkimsubiri, mtauza kaburi."

"Mzee Kibwana, yule mtu ametubeba miaka yote!" Huyo ni Shebughe, fundi cherehani, mbishi wa kuzaliwa. "Leo bega linamuuma ndiyo tumtupe? Utu uko wapi?"

"Ukitaka utu nenda msibani. Hapa tunazungumza weledi." Kibwana akajiweka sawa juu ya tairi. "Mchezaji mweledi halii anapouzwa. Anafunga begi lake, anashukuru, anapanda gari. Anayelia ni mtoto, na watoto hawachezi ligi."

Kijiwe kizima kikapiga makofi. Dosa akaacha pancha ya watu ikiwa ndani ya beseni la maji, naye apige. Maneno yale yakasambaa, yakafika redio ya Serikali, ikawa yanarudiwa kila baada ya taarifa ya habari, mara nyingine badala yake.

Sasa liko jambo moja la watu wale ambalo usipolijua hutaielewa hadithi. Katika nchi ile hakuna anayekisifu anachokipenda. Mtoto akizaliwa, jirani huja, humfunua kanga, akasema, "Lo! Kibaya hiki! Chura ana afadhali." Mama hufurahi, akamkaribisha chai. Kumsifu mtoto ni kumwita hasidi aje na kikapu. Hata ndani ya nyumba ni hivyo hivyo. Katika maisha yao yote ya ndoa Kibwana hakuwahi kumpa Bi Siwatu neno jema. Humwambia, "Mama Mwajabu, wali wa leo umekushinda kabisa," huku akikwangua ukoko. Naye hujibu, "Kula, baba Mwajabu. Kwa sura hiyo ulitegemea nani akupikie?" Walipendana mno.

Desturi hiyo waliipeleka hata uwanjani. Mawakala walipokuja kutoka Ng'ambo, nchi tajiri iliyo upande wa pili wa mto, kuchagua wachezaji wa kununua, umati ulimzomea yule mzuri kuliko wote. "Mtoeni! Kipofu huyo! Mikono ya mlenda!" Mawakala wakaondoka na wachezaji wa ovyo, na watu wakacheka mpaka mbavu zikauma. Mambo yakaenda hivyo misimu kadhaa. Halafu, bila mtu kujua kwa nini, mawakala wakaanza kuchagua vizuri. Wakamtwaa mrushaji bora, wakamtwaa mpigaji bora, wakawazoa wote hadi timu ya taifa ikabaki na kocha na ndoo ya maji.

*

Nahodha hakutetereka. Alitia saini Mkataba wa Kubadilishana Thamani. Kwa kuwa nchi haikuwa tena na wachezaji wa kutoa ili ipate wachezaji, ingetoa raia wengine ambao, kwa maneno ya mkataba, "wamekaa tu makazini". Walimu wa hesabu walikwenda wote kwa mkupuo, akaja kocha msaidizi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika timu ilifungwa ngapi. Kisha wauguzi wanne wa hospitali kuu wakatolewa kwa mpigaji mmoja.

"Wanne kwa mmoja?" Shebughe alilalamika. "Tumepunjwa!"

"Tumewapunja wao!" Kibwana aliruka kutoka kwenye tairi. "Wauguzi wanne, na hakuna hata mmoja anayeweza kushika rungu! Shebughe, wewe baki na viraka vyako."

Jioni ile walicheza ngoma barabarani. Mkuki kwa nguruwe huwa mtamu, na nguruwe walikuwa mbali.

Baada ya ushindi huo Waziri wa Michezo, Afya na Yaliyobaki, Mheshimiwa Sanguya, alimteua Kibwana kuwa mjumbe wa Baraza la Thamani. Akapewa koti zito la buluu lenye nembo ya rungu kifuani. Lilikuwa koti la baridi, na nchi ile haina baridi, lakini Kibwana hakulivua hata kulala. Kwa mara ya kwanza tangu pamba ife, alikuwa na kitu cha kupima.

Kikao chake cha kwanza kiliarifiwa jambo jema. Ng'ambo walikuwa na mdakaji aitwaye Damaso, mwenye jina kubwa na goti bovu. Wako tayari kumtoa. Wanachotaka ni mkunga, kwa kuwa wake wa matajiri wa Ng'ambo wamechoka kuzalishwa na mashine. Wameletewa habari za mkunga mmoja wa mji wa mpakani. Waziri akasoma jina, akalikosea, akalisoma tena.

Kibwana alihisi koti limekuwa la mabati.

*

Hofu yake haikuwa ya mke peke yake. Binti yao, Mwajabu, alikuwa na mimba pevu, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, amejikalia kimshazari kana kwamba naye amegoma kuja. Mimba mbili za nyuma Mwajabu alizipoteza. Hii ya sasa Bi Siwatu alikuwa akiigeuza taratibu kila juma kwa mikono yake, kwa mafuta ya nazi na maneno ya kubembeleza, na alikwisha kusema kwamba siku yenyewe ikifika hatakubali mtu mwingine amguse mwanawe.

Kibwana alimkuta mkewe uani akichambua mchicha. Akamwambia yote, amesimama, na koti lake mwilini.

"Umeulizwa?" Bi Siwatu aliuliza.

"Kesho ndiyo naulizwa. Wakala mwenyewe atakuwapo."

"Utawaambia nini?"

"Nitakuponda, mama Mwajabu. Nitakuponda mpaka wasikutake hata bure."

Bi Siwatu aliendelea kuchambua. Mikono yake haikutetemeka, lakini alikuwa akitupa majani mazuri na kuweka mabovu siniani.

"Niponde vizuri basi," alisema. "Usinionee haya."

*

Baraza lilikutana katika ukumbi wenye picha ya Nahodha kila ukuta, na moja darini. Wakala wa Ng'ambo alikaa mbele, miwani myeusi usoni, akipiga miayo. Mheshimiwa Sanguya alifungua kikao.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa lisilo na mdakaji ni taifa ambalo kila linachorushiwa linakipoteza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumeamua kuuza vyote viwili. Simama, mjumbe Kibwana, utupe tathmini, na uwe mweledi."

Kibwana akasimama. Jasho lilikuwa limepita koti.

"Waheshimiwa, huyu mama namjua. Hafai." Akavuta koti likae sawa. "Ni mvivu. Akiitwa, hafiki mpaka watu wakate tamaa. Mikono yake inatetemeka kama ya mlevi. Ana mdomo, ana kiburi, akizalisha anawatukana wazazi. Wako watoto waliomponyoka. Mimi nimekaa naye nyumba moja; hata kikombe hawezi kukishika hadi mwisho. Mkimpeleka Ng'ambo mtatuvunjia uhusiano wa kimataifa. Mwacheni azeeke hapa hapa na ubovu wake. Nawaomba. Hafai, hafai, hafai!"

Alikuwa analia aliposema la mwisho. Wakala alikwisha kuacha miayo. Alivua miwani, na ikaonekana kwamba alikuwa na macho ya kawaida tu.

"Mheshimiwa Waziri," alisema kwa adabu, "nilikuja kutoa mdakaji peke yake. Sasa naongeza glavu yake na kasha la mipira."

Watu wakanong'ona. Wakala akamgeukia Kibwana, na kwa kweli alimwonea huruma.

"Mzee wangu, sisi tuliacha zamani kutazama mchezo katika viwanja vyenu. Tunafumba macho nyuma ya miwani, tunasikiliza. Anayetukanwa kuliko wote, huyo ndiye tunayemchukua, na hatujawahi kukosea. Nimesikia matusi mengi katika kazi hii. Sijawahi kusikia mtu akitukanwa kwa mapenzi kama huyu mama."

Kibwana aliuona mdomo wake umeponza kichwa, na si kichwa chake.

"Basi ni mzuri!" alipiga kelele. "Ni mkunga bora! Hana mfano! Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake! Mwajabu wangu atakufa, waheshimiwa, mwanangu atakufa akiondoka!"

"Umesikia?" Waziri alimwambia Wakala. "Hata akisifiwa, sifa zake ni za kweli. Ongeza kasha la pili." Kisha akamwekea Kibwana mkono begani, karibu na nembo. "Mjumbe, taifa zima limejifunza kwako. Mweledi halii anapouzwa. Anafunga begi, anashukuru, anapanda gari."

Kura ilipigwa kwa makofi, na makofi yalikuwa yamekwisha kurekodiwa.

*

Bi Siwatu alifunga begi. Asubuhi ya safari kijiwe kizima kilikuja barabarani, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Dosa alijaza upepo tairi za gari la Wakala ambazo hazikuhitaji upepo, akaujaza polepole sana. Bi Siwatu alimlaza Mwajabu kwenye mkeka, akapitisha mikono tumboni mwake mara ya mwisho, akasikiliza kwa viganja. Halafu akamjia mumewe.

"Baba Mwajabu," alisema kwa sauti ya kusikika, "wewe ni mume mbaya kupita wote walioumbwa. Sijui hata nilikuona nini."

Kibwana alitaka kumjibu. Alikuwa na tusi lake tayari, zuri, la kumtosha njia nzima. Lakini Wakala alikuwa amesimama pale kando, amefumba macho, na tusi likamkwama Kibwana kooni. Gari likaondoka hajasema kitu. Redio ilitangaza kwamba mkunga aliondoka kwa weledi wa hali ya juu, bila chozi.

Damaso akaja na basi la jioni. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayechechemea. Ilikuwa imeandikwa katika Mkataba kwamba anayeingia huchukua nafasi ya anayetoka, na kwa kuwa goti lake halikumruhusu kucheza kabla ya msimu kuisha, akapelekwa zahanati, akapewa aproni ya Bi Siwatu, iliyomfika kifuani. Wanawake wakaandamana. Mheshimiwa Sanguya aliwatuliza kwa hotuba.

"Mlikuwa na mtu wa kupokea watoto," alisema. "Mmeletewa mtu ambaye msimu mzima hakudondosha hata mara moja. Mnataka nini zaidi? Kina mama, tuache siasa."

Damaso mwenyewe alimfuata Kibwana kijiweni, glavu kwapani.

"Mzee, mimi naogopa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nadaka mpira. Mpira hana mama."

Kwa mara ya kwanza tangu sheria ile, kijiwe cha Dosa hakikuwa na la kubishana.

*

Uchungu ulimshika Mwajabu mchana kweupe, uwanja ukiwa umejaa na redio ikitangaza mchezo. Kibwana alimbeba kwa mkokoteni wa Dosa. Zahanati ilikuwa na kitanda, picha ya Nahodha, na Damaso, ambaye alimwona Mwajabu akaanza kuomba Mungu wa kwao.

Ndipo wanawake wakaja. Hakuna aliyewaita, mji mdogo kilio hakifichiki. Wote walikuwa wamezaa mikononi mwa Bi Siwatu, na kila mmoja akakumbuka kipande chake. Mmoja alikumbuka ubavu aliolazwa. Mwingine alikumbuka mahali alipobonyezwa, na kama ilikuwa kwa kiganja au kwa ngumi. Mwingine hakukumbuka ila ule wimbo wa kubembeleza, akauimba. Walibishana sana, kwa sauti kali, juu ya mikono ya mtu mmoja aliyeuzwa, na Kibwana aliyekaa nje ya mlango, kichwa ndani ya koti, aliyasikia mabishano yale na kuona aibu ya tairi lake la trekta. Mwajabu akapiga yowe. Kisha akanyamaza. Kibwana alikula kiapo kwamba binti yake akipona hatapima tena kitu chochote duniani, hata sukari.

Kikasikika kilio kidogo, chenye hasira.

"Mwajabu yu hai?" Kibwana aliita.

"Yu hai!" wakajibu wanawake. "Amezimia, amezinduka, anataka maji!"

Damaso akatoka. Alikuwa amechuchumaa muda wote juu ya goti bovu, bila glavu, na sasa alikuwa akilia wazi kama mtoto. Mikononi alikuwa na bonge la kanga.

"Mzee! Hakudondoka! Mzuri! Mtoto mzuri sana, mzuri kabisa!"

Watu wote waliokuwa pale waliruka kwa hofu, maana mlangoni alikuwa amesimama Ofisa Thamani. Ilikuwa imepitishwa sheria mpya juma lile: kila anayezaliwa apimwe siku hiyo hiyo, ili taifa lijue mapema lina nini cha kutoa. Ofisa alikuwa amebeba mizani begani. Kibwana aliijua. Ilikuwa mizani ya kiwanda cha pamba, ndoano yake ileile aliyoipaka grisi ujana wake wote.

"Nimesikia mtoto mzuri," Ofisa alisema akitafuta msumari wa kutundikia. "Yuko wapi?"

Kibwana alikwisha kumpokea mjukuu wake. Akafunua kanga. Paji la uso lilikuwa la Bi Siwatu, lile lile, pana, lenye kukunjamana likitaka kugombana na mtu. Moyo ulimjaa hadi ukamuuma. Neno la kinga likapanda lenyewe ulimini, neno la babu na babu: lo, kibaya hiki. Akakumbuka miwani ya Wakala, akalimeza. Likaja lile lingine, zuri, na lenyewe akalimeza, kwa kuwa mlangoni alisimama mtu wa kulinunua. Alitafuta neno la tatu. Hakulipata. Walikuwa wamechukua yote mawili, la kupenda na la kuficha.

Basi akafungua vifungo vya koti la Baraza, koti zito la baridi, akamweka mtoto ndani, akafunga mpaka shingoni.

"Mtoto gani?" alisema. "Hapa hakuna mtoto."

Ndani ya koti mtoto akalia.

Ofisa alisimamisha masikio. Dosa, aliyekuwa ameegemea mkokoteni wake, akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Shebughe, mbishi wa kuzaliwa, kwa mara ya kwanza hakubisha, akakohoa naye. Wanawake wakatoka chumbani, mikono imelowa, wakakohoa wote pamoja. Damaso hakujua desturi hii, wala haikuwa desturi hadi dakika ile, lakini alikohoa kwa kifua chake kikubwa hadi picha ya Nahodha ikapinda ukutani.

"Mnaumwa?" Ofisa alipiga kelele ili asikike.

"Tunaumwa sana, mheshimiwa!" Shebughe akamjibu. "Na muuguzi hakuna!"

Ofisa alirudi nyuma hatua, mizani ikimning'inia begani, mdomo ameuziba kwa leso. Kibwana alikohoa kuliko wote, machozi yakimtiririka, huku kiganja chake kikimpigapiga mgongoni, taratibu, mtu ambaye hayupo.